Mlango wa Nyuma

Chumba changu cha kwanza Lodwar kilikuwa cha mabati, kuta na paa, chenye mlango mmoja unaotazama barabara. Nilikichukua kwa sababu ya bei. Kufikia saa sita mchana huwezi kuweka kiganja ukutani, na usiku mabati hayakuwa na haraka yoyote ya kuachia joto yaliloshiba mchana kutwa. Nikawa natoa godoro nje, nalala uani kama majirani zangu wote, sisi tukitazama nyota na mbu wakitutazama sisi. Mwezi wa pili mwenye nyumba, mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kukaushwa kutoka ziwani, alinikuta nimeketi kizingitini nimelowa jasho. Akaniuliza mbona sijamwita fundi.

"Fundi wa nini, mama?"

"Wa kukata mlango wa nyuma. Wewe umefungua mbele tu. Joto linaingia, litatokea wapi?"

Kesho yake akaja kijana na mkasi wa bati. Alichora mstari kwa msumari, akakata, akaikunja ile ncha kali kwa nyundo, akapigilia fremu ya mbao na wavu wa mbu. Kazi ya saa moja. Jioni upepo wa upande wa mto Turkwel ukapita chumbani kwangu kwa mara ya kwanza, ukiingia huku na kutokea kule, na pazia langu, ambalo lilikuwa limening'inia kama maiti tangu nilipohamia, likacheza.

Ilikuwa 2011. Miaka saba baadaye, nimevaa sweta mbili katika maabara ya nchi ambayo jua lake ni la kuonyeshana tu, nilielezwa kwa mara ya kwanza kwa kina jinsi potasiamu inavyotoka ndani ya seli ya ubongo. Profesa alikuwa akichora ubaoni. Mimi nilikuwa namwona yule kijana na mkasi wake.

Niseme mimi ni nani. Kwa cheti ni afisa wa kliniki. Turkana cheo hicho hakina kazi: ukivaa koti jeupe wewe ni daktari, basi. Nilizaliwa Kitale, na watu wa Lodwar wakipanda gari kuja kwetu husema wanaenda Kenya. Mwaka wa kwanza nilicheka. Mwaka wa pili nikajisikia nasema vivyo hivyo. Nilipata nafasi ya kwenda kusomea ubongo kwa njia za bahati na barua nyingi za maombi ambazo hazina haja ya kusimuliwa hapa, nikaangukia kwenye kundi lililokuwa likichunguza milango ya potasiamu: jinsi inavyoulea ubongo wa mtoto, na jinsi kasoro yake inavyoleta kifafa, kuyumbayumba, na uzito wa akili.

Seli ya neva ikiwa imetulia ina potasiamu nyingi ndani, zaidi ya mara 30 ya iliyoko nje. Sodiamu ni kinyume chake, imejaa nje inasubiri. Habari ikifika, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu inaingia kwa kishindo, na umeme wa seli, ambao ulikuwa kwenye milivolti 70 chini ya sifuri, unapanda juu kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mshtuko huo ndio kidole kinachosogea, ndio harufu ya chai, ndio jina la mtu unalolikumbuka ghafla. Kila mtu anausifu. Kinachofuata hakisifiwi na mtu: milango ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka na chaji yake, na seli inarudi kimya. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1952, wakitumia neva nene ya ngisi, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Ngisi, jamaa wa wale ambao watu wa Mombasa na Lamu wanawakaanga.

Kumbe kutulia ni kazi. Mimi nilikuwa nadhani seli isiyofanya kitu haifanyi kitu. La. Iko pampu katika utando wake inayotoa sodiamu tatu na kurudisha potasiamu mbili, usiku na mchana, na kila mzunguko unalipiwa nishati. Ubongo ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake, na fungu kubwa la hiyo linakwenda kwenye kazi hii ya kuweka mambo sawa ili seli iweze kukaa kimya na kuwa tayari. Mtu aliyelelewa kama mimi, kwamba mwenye bidii ni yule asiyekaa chini, husoma ukurasa huo mara mbili.

Na mlango wenyewe! Kwa miongo kadhaa watu walijiuliza unawezaje kupitisha potasiamu kwa kasi inayoweza kufika chembe milioni 100 kwa sekunde, na papo hapo ukaikataa sodiamu, ambayo ni ndogo zaidi. Mlango gani unapitisha mnene na kumzuia mwembamba? Jibu lilionekana waziwazi mwaka 1998, Roderick MacKinnon na wenzake walipopiga picha ya mlango wa bakteria kwa mionzi ya eksirei; yeye alipata Nobel ya kemia mwaka 2003. Chembe hizi hutembea zimejifunika maji kama shuka. Kupita penye wembamba lazima zivue. Kuta za mlango zina oksijeni zilizopangwa kwa nafasi ile ile ambayo maji yalikuwa yameishika potasiamu, kwa hiyo potasiamu inavua shuka bila kuhisi baridi. Sodiamu ikiingia inajikuta ndogo mno, haifikii kuta pande zote, heri ibaki nje na maji yake. Katika chembe zaidi ya elfu kumi zinazopita, mlango unakosea kwa sodiamu moja hivi. Sijawahi kuona ofisi ya serikali yenye bawabu wa namna hiyo.

Ili kuusikiliza mlango mmoja unahitaji bomba la kioo lililovutwa kwa moto hadi ncha yake iwe kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Unaishusha chini ya darubini hadi iguse seli, kisha unavuta hewa kidogo, kwa mdomo wako mwenyewe, kupitia kijimpira chembamba unachokishika kwa meno. Utando ukinasa vizuri kwenye kioo, kelele zote za umeme zinazimika, na kwenye skrini unabaki mstari mmoja. Erwin Neher na Bert Sakmann ndio waliorekodi mkondo wa mlango mmoja kwa bomba la kioo mwaka 1976. Mimi nilikuwa navuta kama mtu anayekunywa soda. Seli baada ya seli ilipasuka. Wiki tano nilipasua seli, na kila jioni fundi wa maabara, mzee mmoja mpole, aliniangalia asiseme neno. Siku moja akaniambia nisivute kabisa. Nishike tu kimpira mdomoni nipumue kama ninayetaka kusinzia. Saa nane za usiku huo mstari ulitulia. Halafu ukaruka juu ngazi moja, ukakaa, ukashuka. Ukaruka tena. Mlango mmoja, wa protini moja, unafunguka na kufunga mbele ya macho yangu. Nilikaa nao hadi alfajiri. Sikuandika lolote, jambo ambalo kesho yake lilimfanya profesa anigombeze, na alikuwa na haki.

Lakini nilichotaka kusimulia kilitokea kabla ya hayo, mwaka 2014, katika zahanati moja kando ya barabara ya Kakuma, siku hizo lami ikiwa ni hadithi na kilomita 120 kutoka Lodwar zikiweza kukula siku nzima. Ilikuwa usiku. Mama mmoja kijana alileta mtoto wa siku tatu. Umeme wa sola ulikuwa umekwisha, tukawasha tochi za simu. Mtoto alikuwa amelala vizuri tu, kisha mkono wa kushoto ukakaza, macho yakaenda upande, midomo ikaanza kutafuna hewa, na miguu ikapiga baiskeli. Akageuka rangi. Nikahesabu hadi hamsini. Ikaisha, akalia, akapewa ziwa, akanyonya kama asiye na habari. Baada ya robo saa, tena.

Nilipima sukari, ilikuwa sawa. Homa hakuna. Nilimpa fenobabitoni, nikaanza na dawa za kuua bakteria, kwa sababu katika umri huo hubahatishi. Nyuma yangu, chini kwenye sakafu, alikaa nyanya yake mtoto, shanga zimempanda hadi kidevuni, akiongea taratibu kwa Kiturkana. Mhudumu wa afya ya jamii akanitafsiria: "Anasema huyu ni wa nne. Anasema watatu walitetemeka hivi hivi na wakapona kabla ya kuota meno."

Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na miaka ishirini na minane, na nilikuwa nimeshawazika watoto wengi mwaka ule ambao nyanya zao walikuwa wameniambia watapona. Nikamgeukia. "Mwambie nyanya kama anataka kumzika aendelee kuongea."

Mhudumu yule hakutafsiri. Nilimwona akiliruka lile neno kama mtu anavyoruka maji machafu. Alisema kitu kifupi, cha adabu. Lakini sauti haihitaji mkalimani. Yule nyanya akanyamaza, na hakuniambia tena neno hata moja, usiku kucha, hadi gari la wagonjwa lilipokuja kumchukua mjukuu wake kwenda Lodwar. Huko wakapima maji ya uti wa mgongo, hayakuwa na kitu. Miezi mitatu baadaye mtoto akaletwa kwa chanjo, mnono, anacheka, degedege limekoma. Niliandika kwenye faili kwamba sababu haijulikani. Nikasahau.

Nilikumbuka nikiwa kwenye ile baridi, nikisoma makala za mwaka 1998, mwaka ule ule wa picha ya MacKinnon. Zilikuwa zinaeleza familia ambazo watoto wao hupata degedege siku ya pili au ya tatu ya maisha, wakiwa wazima kabisa kati ya shambulio na shambulio, na kuacha wenyewe baada ya wiki au miezi. Chanzo ni jeni mbili zinazoitwa KCNQ2 na KCNQ3, zinazotengeneza mlango wa potasiamu wa aina ya pole: haufunguki kwa pupa, lakini ukifunguka unakaa, na unaizuia seli isirushe risasi mfululizo. Mkondo wake ulikuwa umeshaelezwa tangu 1980 na David Brown na Paul Adams. Mzazi mmoja akiwa na jeni yenye kasoro, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Niliweka kikombe chini. Huyu ni wa nne.

Kwa nini iache yenyewe, wakati jeni haijabadilika? Hapa ndipo penye utamu. Ubongo wa mtu mzima una breki kubwa, kemikali inayoitwa GABA. Ikimwagwa, seli inatulia. Lakini katika ubongo mchanga chumvi za ndani ya seli zimepangwa tofauti, na GABA hiyo hiyo, badala ya kutuliza, inaweza kuchochea. Breki kubwa bado haijafungwa kwenye gari. Katika wiki hizo za mwanzo mzigo wa kutuliza unaegemea sana milango ya potasiamu, na mtoto ambaye mlango wake umelegea kidogo anatetemeka. Kisha ubongo unakua, chumvi zinapangwa upya, GABA inashika kazi yake, na ule udhaifu wa mlango, ambao uko pale pale, unapata wa kuusitiri.

Nilijua kukua ni kuongeza. Kuta, maneno, meno. Sikujua kwamba sehemu kubwa ya kukua ni kujipatia namna za kutulia, moja baada ya nyingine, na kwamba mtoto wa binadamu hupewa muda mrefu kwa ajili ya hilo. Turkana ni mahali pazuri pa kuwaza hivyo. Upande wa magharibi wa ziwa, pale Nariokotome, mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu kisichozidi sanduku la kiberiti, na kikawa mwanzo wa kiunzi cha mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Alikufa akiwa mtoto, na mwili wake ulikuwa mbele sana kwa umri wake, kana kwamba aliharakishwa. Sisi wa leo tunachelewa zaidi. Nilipokuwa nikipasua seli zangu kwa kuvuta nilimfikiria sana yule mvulana.

Nisieleweke vibaya. Mtoto mchanga akipata degedege Turkana, mara nyingi sana si jeni. Ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ni sukari kushuka, ni maambukizi, na hayo yanaua yakisubiriwa. Na jeni yenyewe ina sura mbili. Kasoro nyingine katika KCNQ2 hiyo hiyo zinaanza siku zile zile, kwa mtetemo ule ule, lakini zinauharibu mwendo wa ubongo. Degedege linaweza kupungua, mtoto akabaki hawezi kukaa wala kusema. Kwa tochi ya simu huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo kumpeleka Lodwar nilifanya sawa, na ningefanya vivyo hivyo leo. Kosa langu halikuwa kwenye dawa.

Kuna jambo moja linanifurahisha kila nikilikumbuka. Dawa ambayo wataalamu wanaisifia kwa watoto wa jeni hii ni kabamazepini, kidonge cha zamani cha bei nafuu, ambacho unaweza kukikuta kwenye kabati la zahanati ya mashambani. Hakiufungui mlango wa nyuma uliolegea. Kinaubana ule wa mbele, wa sodiamu, ili kile kidogo kinachotokea nyuma kitoshe. Walijaribu pia kuufungua mlango wa nyuma kwa nguvu: dawa ya retigabini ilifanya hivyo hasa, ikasaidia baadhi ya wagonjwa, kisha ngozi na kucha zao zikaanza kugeuka buluu, na madoa yakaonekana hata ndani ya macho. Mwaka 2017 ikaondolewa sokoni. Na wapo waliotutangulia sisi sote katika biashara ya kuiziba milango ya namna hiyo: nge. Sumu ya nge fulani wa jangwani, iliyoelezwa na Christopher Miller na wenzake mwaka 1985, inauziba mlango wa potasiamu wa aina nyingine kama kizibo cha chupa. Watoto wa Lodwar hukung'uta viatu kila asubuhi kabla ya kuvaa, na mimi nilipowaona tena niliporudi nilitaka kuwaeleza. Waliniangalia kwa huruma.

Nilirudi 2021, katikati ya ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikapita mitupu. Nikapangiwa Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992 kwa ajili ya vijana waliotembea kutoka Sudan, na ambayo sasa ni mji wenye Wakongo, Wasomali, Warundi, Wasudani Kusini, kila mtu na Kiswahili chake. Nilikuja na jeni zangu kichwani. Wadi ikanipokea na potasiamu ya kawaida kabisa, ya kijiko.

Baba mmoja Mkongo, fundi cherehani, alimleta bintiye wa miaka miwili miguu imevimba, inang'aa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. "Daktari, mpatie dawa ya kukojoa, maji yamemujaa." Ndivyo mtu yeyote angefikiri. Ni hatari. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa hana nishati ya kuiendesha ile pampu niliyoisema. Pampu inapunguza mwendo, potasiamu inavuja kutoka ndani ya seli na kupotea kwenye mkojo na kuhara, sodiamu inajikusanya. Ukimpa dawa ya kukojoza unamnyang'anya potasiamu ya mwisho aliyobaki nayo, na moyo unaweza kusimama. Anachohitaji ni yale maziwa mepesi ya tiba, yenye potasiamu ya ziada ndani yake, kikombe kidogo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Nilimweleza yule baba. Hakuniamini. Zamani ningempandishia sauti. Nikavuta kiti nikakaa naye, naye akashika kikombe, tukawa tunamnywesha kwa kijiko, saa nne, saa sita, saa nane. Usiku wa tatu binti alimpiga babake kofi kwa sababu kijiko kilichelewa. Baba akacheka hadi machozi yakamtoka, akaniambia, "Sasa ule mutoto wangu amerudi."

Sikuitaja milango wala jeni hata mara moja. Hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa nane mwaka jana nilimtafuta yule mhudumu wa afya. Amekuwa na mvi. Ana pikipiki sasa, akanipakia, tukaacha lami na kufuata laga, mto wa msimu uliokauka, kwa nusu saa hadi kwenye boma la yule nyanya. Yule mtoto wa siku tatu alikuwa kijana wa kuchunga mbuzi, miguu mirefu, fimbo mabegani. Akatuamkia, akaenda zake. Nyanya alikuwa chini ya mti, amepungua mwili, shanga zile zile. Aliniangalia kitambo, akasema kitu, na mhudumu akasita kabla ya kutafsiri.

"Sema tu," nikamwambia.

"Anasema wewe ndiye yule daktari wa makelele."

"Mwambie ndiyo. Mwambie nimekuja kwa sababu nilimkosea usiku ule. Yeye alikuwa anajua kitu, mimi sikusikiliza."

Safari hii alitafsiri neno kwa neno, nadhani hata aliongeza. Nyanya hakujibu. Chai ikaletwa, ya maziwa ya mbuzi, ndani ya vikombe vya bati. Nilikuwa nimejiandaa na mengi: familia, nani alizaa nani, nani alitetemeka lini, mchoro mzima wa ukoo niliotaka kuuchora kwenye daftari. Niliyashika mdomoni. Mwanambuzi alikuja akaanza kutafuna mkanda wa mkoba wangu, nikamwachia. Upepo ukapita chini ya mti. Chai ikapoa. Mhudumu aliniangalia, akaangalia jua, akaniangalia tena.

Nyanya akasema, macho yakiwa kwa mbuzi: "Nilikuambia wanne."

"Ndiyo, nyanya."

"Ni watano."

Wa tano ni mwanawe mwenyewe, wa pili kuzaliwa. Alitetemeka kama wenzake akiwa mchanga, akapona kama wenzake, kisha alipobalehe akaanza kuanguka. Hutokea: katika familia hizi wengi huacha kabisa, wachache kifafa huwarudia ukubwani. Hakumhesabu usiku ule kwa sababu zahanati ilikuwa imejaa watu, na nyumbani kulikuwa na mabinti watatu ambao hawajaposwa. Nani atatoa ngamia kwa binti wa nyumba ya kifafa? Yule mwana huchoma makaa mbali na boma na kuyauza Kakuma. Miaka sita iliyopita alianguka na mkono wake ukawa ndani ya moto. Waliokuwepo waliogopa kumgusa hadi alipotulia. Nimesikia hilo hilo kutoka pwani hadi Mahenge kule Tanzania, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu watu wa kifafa mapema miaka ya 1960 na kukuta makovu yale yale ya moto. Kwamba anayeanguka hashikwi.

Nyanya akamwita mjukuu mmoja, akamtuma.

Alikuja kutokea nyuma ya boma, mwanamume mrefu wa miaka arobaini hivi, hakupita pale tulipoingilia sisi. Akaweka ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mti, chini, hatua kumi kutoka kwetu, akakaa, mkono wa kulia umefichwa ndani ya shuka. Hakuna aliyesema kitu. Nilikuwa na maswali ya kliniki yamepangwa foleni, ulianza lini, mara ngapi, unajiuma ulimi, na vidonge kwenye mkoba. Nikalifunga daftari.

Mbuzi walikuwa wanarudi kunywa, wakapita katikati yetu kwa vumbi na vilio vyao, na yeye akawahesabu kwa macho hadi wa mwisho. Vumbi liliposhuka akautoa mkono ndani ya shuka, akauweka juu ya goti, upande wa kovu ukiwa juu, ili niuone.